Anayenunua skuta ya umeme aulize betri kabla ya rangi

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi kwenye safu yako ya barua tuzungumze na wasomaji wanaotaka kununua skuta za umeme za kukalia kwa ajili ya kwenda kazini na kurudi. Wauzaji hapa Dar es Salaam wana wimbo mmoja: unachaji usiku kwa Sh500, asubuhi unapita sheli bila kugeuza shingo. Sisi tunaozifungua na kuzitengeneza tunasema Sh500 ni kweli, ila wimbo una beti nyingine ambazo haziimbwi.

Tuanze na hiyo Sh500. Skuta yenye betri ya volti 60 na ampea-saa 20 inabeba wati-saa 1,200, yaani uniti 1.2. Ukiongeza kinachopotea kwa joto wakati wa kuchaji, kwenye mita ya LUKU zinakatwa kama uniti 1.4. Kwa bei ya kawaida ya Sh292, ambayo ukijumlisha kodi na tozo inafika Sh356 kwa uniti, hesabu inakubali. Mwenye nyumba aliye kwenye bei nafuu ya Sh100 kwa uniti aangalie matumizi yake: kuchaji siku 26 za kazi kunaongeza uniti 36 hivi kwa mwezi. Kama nyumbani anatumia 60, anavuka kikomo cha uniti 75 kwa mwezi na kutoka kwenye bei hiyo.

Sasa betri. Skuta nyingi za bei nafuu zinakuja na betri kavu tano za volti 12, zilizofungwa kwa mfuatano. Ndani ni risasi na asidi kama betri ya gari, ila asidi haimwagiki. Zikitunzwa vizuri zinavumilia kuchajiwa kama mara 300 kabla ya kuchoka. Kwa mwendo wa kilomita 35 kila chaji, hizo ni kilomita 10,500. Tuseme seti mpya ya betri tano ni Sh600,000: kila kilomita imekula Sh57 za betri na Sh14 za umeme, jumla Sh71. Pikipiki ya petroli ya cc 125 ikienda kilomita 40 kwa lita ya Sh3,000 inakula Sh75, ukiacha oili. Tofauti ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. Na seti hiyohiyo ikiuawa kwa mara 150, kilomita moja inapanda hadi Sh128. Hapo petroli ilikuwa nafuu.

Ndiyo maana tunasema uliza betri. Lithiamu ya aina ya fosfeti, inayoandikwa LFP au LiFePO4, inachajiwa mara 1,500 na zaidi. Bei yake ya kununulia inauma, lakini igawanye kwa kilomita 50,000 uone. Muuzaji asiyejua kama anauza betri kavu, fosfeti au lithiamu ya nikeli hana cha kukwambia kuhusu gharama.

Kinachoua betri nyingi kabla ya wakati ni chaja. Neno "60V" lililoandikwa ubavuni ni jina tu. Betri kavu tano zinajaa kwenye volti 73.5 hivi. Fosfeti yenye seli 20 inajaa kwenye 73. Lithiamu ya nikeli yenye seli 16 inajaa kwenye 67.2, kwa sababu kila seli mwisho wake ni volti 4.2. Zote tatu zinaitwa 60V, na mara nyingi plagi ni ileile. Mtu anatoa betri kavu zilizochoka, anaweka lithiamu ya nikeli, chaja anabaki na ya zamani. Gawa 73.5 kwa 16: kila seli inasukumwa kuelekea 4.6. Bodi ya ulinzi iliyo ndani ya betri inatakiwa ikate, lakini bodi ikiwa imeungua, au kuna fundi aliyeiruka kwa waya ili skuta itembee (tabia hii ipo, na ikomeshwe), hakuna kitu kinachozuia seli kuvimba na kuwaka. Chukua mita, pima volti zinazotoka kwenye chaja, linganisha na idadi ya seli. Kazi hiyo haimalizi dakika tano.

Chaja ya aina hii inatoa ampea 3 hivi, kwa hiyo betri tupu inajaa kwa saa 7 hadi 8. Mzigo wake ukutani ni kama wati 250, ndogo kuliko pasi. Ukikuta plagi imekuwa ya moto, kosa mara nyingi ni ekstensheni iliyolegea. Umeme ukikatika, chomoa. Ukirudi, subiri dakika tano ndipo uchomeke, maana volti za kwanza zinaporudi mtaani ndizo zinazounguza chaja. Betri iliyotoka kukimbia juani iache ipoe nusu saa kwanza. Betri kavu usiilaze ikiwa tupu hata usiku mmoja, kwa sababu salfeti inaganda kwenye sahani za risasi na uwezo uliopotea haurudi wote. Na skuta ya lithiamu isichajiwe kwenye mlango pekee wa chumba ambamo watu wamelala.

Umbali nao. Bango linasema kilomita 80. Mtu mmoja kwa mwendo wa kilomita 35 kwa saa anakula wati-saa 25 kwa kilomita, akipakia mwenzake ni 30 au zaidi. Kwenye wati-saa 1,200 za betri kavu tumia 900 tu, nyingine ziache. Unapata kilomita 36 ukiwa peke yako, 30 mkiwa wawili. Mbagala Rangi Tatu hadi Posta na kurudi, sawa. Bunju hadi Posta na kurudi, bila pa kuchaji mjini, utasukuma.

Skuta ikianza kuishiwa ghafla, usikubali kuambiwa ununue betri zote kabla hazijapimwa moja moja zikiwa kazini. Inua gurudumu la nyuma, chomoa kwa muda waya wa swichi ya breki inayokata mota, mtu ashike breki kidogo huku akivuta mafuta (neno limebaki hata petroli ilipoondoka), na pima kila betri kwa sekunde chache tu. Nne zikibaki kwenye volti 12 na moja ikaanguka hadi 9, umempata mgonjwa. Mbadala wake uwe betri iliyotumika yenye nguvu inayokaribiana na zile nne. Ukiweka mpya kabisa katikati ya wazee, chaja inashindwa kuwatosheleza wote.

Gurudumu la nyuma, ambamo mota imo, likiwa zito kulisukuma hali skuta imezimwa, chomoa nyaya tatu nene za mota, ya njano, ya kijani na ya bluu, zisigusane. Gurudumu likilegea, kontrola (kifaa kinachoongoza umeme kwenda kwenye mota) imeungua. Likibaki zito, nyaya zimegusana ndani ya mota au kwenye ekseli. Chanzo cha hili la pili mara nyingi ni fundi pancha aliyerudisha gurudumu bila ile washa yenye jino. Nati zinalegea, ekseli inazunguka ndani ya uma wake na kunyonga kebo. Baada ya pancha yoyote ya nyuma, angalia washa imerudi mahali pake na nati zimekazwa kwa spana ndefu.

Kuhusu mvua, skuta nzuri haidhuriki kwa kunyeshewa. Kinachoiharibu ni maji yaliyosimama. Kwa tairi za rimu ya inchi 10, ekseli iko sentimita 20 na ushee tu kutoka ardhini, na kebo inaingilia humohumo. Maji ya mafuriko pale Jangwani yakifika katikati ya gurudumu, shuka na urudi. Wale wenye pampu za kuosha magari nao wakae mbali na mota na sehemu ya betri.

Ombi letu kwa Shirika la Viwango, TBS, ni lebo. Kila betri ya skuta inayoingia nchini iandikwe kwa Kiswahili aina ya seli, idadi yake kwa mfuatano, volti ikiwa imejaa, wati-saa na mwezi wa kutengenezwa; na chaja iandikwe aina ya betri inayoifaa na volti inayotoa. Maneno hayo yanatosha kwenye karatasi ya ukubwa wa kiganja. Tarehe ni muhimu kuliko inavyoonekana, kwa sababu betri kavu iliyokaa ghalani mwaka mzima bila kuchajiwa inauzwa kama mpya ilhali imeshazeeka.

Betri kavu zilizokufa zina soko, wanunuzi wa chakavu wanazitafuta kwa ajili ya risasi. Za lithiamu hazina soko la namna hiyo, na zikitupwa jalalani au kupigwa nyundo zinaweza kuwaka hata kama skuta ilikuwa haitembei tena. Maduka yanayouza mpya yabanwe yapokee za zamani. Wakati huo ukisubiriwa, anayeitoa ya kwake afunge kila ncha peke yake kwa tepu nyeusi ya mafundi umeme, aiweke mbali na jua, na asimpe mtoto kuibeba.

Mafundi wa skuta na betri,
Dar es Salaam