Risala ya Watumishi wa Wodi ya Magonjwa ya Ndani kwa Mgeni Rasmi, Mganga Mkuu wa Mkoa

Ndugu Mgeni Rasmi, Mganga Mfawidhi, Muuguzi Mfawidhi, watumishi wenzetu na wageni waalikwa, itifaki imezingatiwa.

Tunakushukuru kwa kuitikia wito wetu pamoja na majukumu mengi uliyonayo.

Ndugu Mgeni Rasmi, kikao chetu cha kupitia vifo vya wagonjwa kilizaliwa wakati wa UVIKO-19. Kabla ya hapo, waliojadiliwa hapa ni akina mama wazazi na watoto wachanga. Mama akifariki, taarifa hutolewa ndani ya saa 24 na jopo hukaa. Tanzania imetoka vifo vya uzazi 556 kwa kila vizazi hai 100,000 katika takwimu za 2015/16 hadi 104 mwaka 2022. Hatudai ni kazi ya vikao peke yake, lakini mchango wake umo. Lakini mzee akifariki kwa nimonia wodini kwetu, faili lilikwenda masjala, basi.

Wimbi lilipotukumba tukaanza kuyafungua mafaili hayo. Lipo moja tunalolikumbuka sote. Mgonjwa alipokelewa jioni, oksijeni kwenye damu imeshuka hadi asilimia 84. Akawekewa mtungi, ikapanda hadi 93. Vipimo vikaandikwa saa nne usiku. Mstari unaofuata ni wa saa kumi na moja alfajiri, mgonjwa yu taabani. Cheti cha kifo kilisema nimonia kali, na si uongo. Ila kikao kilipouliza, ikabainika kuwa mtungi uliisha usiku, wa akiba ulikuwa stoo, na ufunguo uko nyumbani kwa mtunza stoo. Muuguzi alikuwa peke yake na wodi nzima. Tungemwandikia barua ya kujieleza, ufunguo ungeendelea kulala nyumbani kwa mtu. Siku hizi unakabidhiwa zamu kwa zamu.

Mafaili yalitufundisha pia kuhusu deksamethasone. Juni 2020 utafiti wa Uingereza ulionyesha kwamba inapunguza vifo kwa wagonjwa wa UVIKO-19 wanaohitaji oksijeni. Ni dawa ya bei ndogo na famasi yetu ilikuwa nayo, lakini wapo waliopumulia mtungi kutwa nzima bila kupewa.

Ndugu Mgeni Rasmi, changamoto yetu kubwa ni woga. Kumbukumbu za kikao ziliwahi kuombwa kwa ajili ya shauri la nidhamu. Kikao kilichofuata watu walikuja, wakanyamaza. Tena wagonjwa wakizidi, kikao ndicho cha kwanza kuahirishwa, yaani tunaacha kuuliza wakati vifo vimeongezeka.

Tunaomba mkoa utoe waraka kwamba kumbukumbu hizo hazitatumika kumwadhibu mtumishi, na kwamba kikao hakitafutwa wakati wa mlipuko. Waraka hauna gharama, ndiyo maana tumeutanguliza. Chenye gharama ni vipima oksijeni vya kidoleni: tunavyo viwili, na kimoja tumekifunga kwa plasta.

Tunaomba kuwasilisha.