Dodoso halikuwa na nafasi ya maneno ya mzee

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie namna tunavyowaandaa vijana wa sayansi ya jamii kutafiti jinsi mataifa yanavyokubaliana na kusimamiana katika mambo ya mazingira.

Mwezi uliopita niliongozana na mwanafunzi wangu hadi kijiji kimoja wilayani Chamwino. Dodoso alilopewa na mradi mmoja lilimtaka amuulize mzee wa pale kama amewahi kuusikia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Kupambana na Kuenea kwa Jangwa. Mzee alijibu hapana, kijana akaweka alama ya vema. Kisha mzee, akiwa kwenye kigoda chake, akaeleza kwa karibu nusu saa jinsi wanavyotenga malisho ya kiangazi, nani huamua siku ya kuyafungua, na anayeingiza ng'ombe mapema hutozwa nini. Wakati huo wote kalamu ya kijana ilikuwa mfukoni, kwa sababu karatasi haikuwa na mahali pa kuandika hayo.

Simlaumu kijana, ndivyo tulivyomfundisha. Mkataba huo, uliopitishwa mwaka 1994, unataka katika Ibara ya 3 kwamba wananchi wa mahali husika washiriki katika maamuzi ya programu zake, kwa hiyo nusu saa ile ndiyo iliyokuwa utafiti wenyewe.

Mkoa wetu una somo la karibu zaidi. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa katika maeneo ya Kondoa yaliyoliwa na mmomonyoko. Uoto ulirudi, na wataalamu wa ardhi wameupima. Lakini ng'ombe wale walipelekwa kwa nani, kaya zilikosa nini, na nani aliulizwa kabla ya amri kutolewa? Maswali hayo hayapimwi kwa udongo.

Vijana wafundishwe kusoma ibara za mikataba neno kwa neno, kusikiliza Kigogo na Kirangi bila haraka, na kufuatilia katika ofisi za Serikali pale Mtumba jinsi taarifa za nchi kuhusu mikataba hiyo zinavyoandikwa. Hata Nairobi, yalipo makao makuu ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, hufikika kwa basi.

Wiki hii mwanafunzi wangu amerudi Chamwino na daftari lisilo na maswali, kwa nauli yake mwenyewe. Naziomba idara zetu zitenge fungu kwa ajili ya safari kama hiyo.

Mwalimu wa chuo,
Dodoma