Malalamiko kuhusu riwaya ya mapenzi iliyouzwa kwa jalada la taharuki

Majengo,
Dodoma.
14 Machi 2025

Mkurugenzi wa Uchapishaji,
Dar es Salaam.

Ndugu Mkurugenzi,

KUH: RIWAYA YENU YA MZIMU WA MBUYU, SEHEMU YA KWANZA

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mwenye duka dogo la kuuza na kukodisha vitabu hapa Majengo, karibu na soko. Mwezi Januari mwaka huu niliagiza kwenu nakala 20 za riwaya iliyotajwa kwenye stakabadhi niliyoambatisha, kwa shilingi 12,000 kila nakala, na kifurushi nilikipokea mwenyewe stendi kuu ya Nanenane siku mliyoniahidi. Vitabu vilifika vikiwa salama, kurasa zimekamilika na wino unasomeka vizuri. Ninacholalamikia ni kwamba maneno mliyoyaandika kwenye jalada na hadithi niliyoikuta ndani ni vitu viwili tofauti, na kwamba tofauti hiyo imenigharimu fedha na, kibaya zaidi, imenipunguzia imani ya wasomaji ambao nimewajenga kwa miaka mingi.

Jalada lina mbuyu mweusi, fuvu kwenye mizizi yake, na maneno kwamba msomaji atapata taharuki kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Niliyaamini maneno hayo kwa sababu nilianza kwa kusoma sura ya kwanza, na sura hiyo, nasema bila kusita, ni miongoni mwa sura bora nilizowahi kusoma katika hadithi za mizimu kwa Kiswahili. Tuko ndani ya tembe, kijijini upande wa Mvumi. Mama anaamka usiku, makaa yamebaki kidogo, na watoto wake wanne wamelala juu ya ngozi chini ya shuka moja. Kama afanyavyo kila usiku, anahesabu miguu inayochomoza kwenye shuka, na usiku huo anapata miguu kumi. Anarudia kuhesabu kwa kugusa kidole gumba cha kila mguu, na anapofika mguu wa tisa anaukuta umelowa, kama mguu wa mtu aliyetoka kuvuka mto, ilhali ni mwezi wa Oktoba na makorongo yote yamekauka. Hapigi kelele. Analala tena pale pale bila kumwamsha mtoto yeyote, kwa sababu anaogopa asije akamwamsha asiye wake.

Niliusoma ukurasa huo dukani saa kumi na moja jioni, jua bado likiwaka, nikajikuta nimekunja miguu yangu juu ya kiti. Sura ya pili nayo haikuniangusha. Familia inakula uji, na vumbi linadondoka kwenye bakuli kutoka kwenye dari. Yeyote aliyewahi kulala ndani ya tembe anajua kwamba paa lake ni bapa na limefunikwa udongo, hivyo vumbi likidondoka bila upepo, kuna kitu kinatembea juu. Mwandishi hakuyaeleza hayo; alimwachia msomaji aelewe mwenyewe, na baba wa familia aendelee kunywa uji huku akitazama juu. Mtu anayeweza kuandika hivyo anaijua kazi yake, na ndiyo maana nimechukua muda kuwaandikia badala ya kuviweka vitabu hivi kwenye rafu ya nyuma na kunyamaza.

Kisha tunafika ukurasa wa 61. Mzimu anajitokeza kama kijana mtanashati, anamtajia jina lake binti mkubwa wa nyumba ile, na anamwapia kwamba hatamdhuru yeye wala ndugu zake. Kiapo hicho ni cha kweli, na mwandishi anatuhakikishia mara tatu kwamba ni cha kweli. Kuanzia hapo hadi ukurasa wa 198 hakuna mtu anayekabiliwa na hatari yoyote. Nimezihesabu kurasa hizo, ni 137 katika kitabu chenye kurasa 212. Ndani yake wapendanao wanaandikiana barua, wananuniana na kupatana, na mzimu anamleta binti mjini kupiga picha Nyerere Square. Zinazobaki mwishoni ni kurasa 14, ambamo mganga mbaya anazuka asikotarajiwa, anapambana na mzimu na kushindwa kabla msomaji hajalishika jina lake.

Nilipopiga simu idara yenu ya mauzo mwezi Februari, kijana aliyepokea alinijibu kwa adabu kwamba mapenzi ndiyo yanayouza. Hilo nalijua kuliko yeye, kwa kuwa vitabu vinavyokodishwa zaidi dukani kwangu ni vya mapenzi, na vingi kati yake navipenda mimi mwenyewe. Sijaandika barua hii kuyakataa mapenzi katika hadithi za mizimu. Naandika kwa sababu mapenzi na taharuki vinaweza kukaa katika kitabu kimoja na kila kimoja kikampa mwenzake nguvu, lakini katika kitabu chenu kimoja kilifukuzwa ili kingine kipate nafasi.

Mtengenezaji wa filamu Alfred Hitchcock, alipohojiwa na Mfaransa François Truffaut mwaka 1962, aliieleza taharuki kwa mfano wa bomu lililo chini ya meza. Watu wawili wameketi wakizungumza mambo ya kawaida. Ikiwa watazamaji hawajui kuna bomu, litakapolipuka watashtuka kwa sekunde 15 tu. Lakini wakiwa wameoneshwa bomu hilo, wanajua litalipuka saa saba, na saa ya ukutani inaonesha saa saba kasorobo, mazungumzo yale yale yasiyo na maana yatawashika roho kwa dakika 15 nzima. Sasa naomba mfikirie kwamba hao wawili mezani ni wachumba, na kwamba tumeishi nao kwa kurasa 60 tukitamani waoane. Hofu yetu itazidi, kwa kuwa tuna cha kupoteza. Hiyo ndiyo kazi ambayo mapenzi yangeweza kuifanya katika riwaya yenu. Kwenye ukurasa wa 61 mwandishi aliinama chini ya meza, akalitoa bomu, akalitupa nje, kisha akatuomba tuendelee kusikiliza mazungumzo.

Mnisamehe nikirudi nyuma kidogo, lakini wenzetu walilimaliza suala hili zamani. Katika riwaya ya Dracula ya Bram Stoker, iliyotoka mwaka 1897, wamo mume na mke, Jonathan na Mina, na mapenzi yao hayana shaka. Mina anang'atwa na Dracula, mnyonya damu wa hadithi hiyo, na anaanza kubadilika polepole. Jonathan anaandika katika shajara yake kwamba, ikiwa mkewe hana budi kuwa kama kiumbe yule, hatamwacha aende peke yake katika giza hilo. Ni tamko la mapenzi makubwa, na papo hapo ndilo jambo la kutisha kuliko mengi kitabuni humo, kwa sababu kuanzia hapo msomaji anawaogopea watu wawili badala ya mmoja.

Hata hivyo, hatukuwa na haja ya kwenda Uingereza kutafuta mfano. Sisi wenyewe tunaye jini mahaba. Nimekua nikisikia habari zake kwa mama zangu wadogo, na katika masimulizi hayo sikuwahi kusikia jini mahaba akimtuliza mtu moyo. Anampenda binti, na kwa sababu hiyo posa zinavunjika moja baada ya nyingine bila sababu. Anampenda mwanamume, na mke wa mwanamume huyo analala kitanda kimoja na mtu anayeota ndoto za mwingine. Zawadi zake ni za kweli na wivu wake ni wa kweli, wala hakuna anayejua atachukua hatua gani akiambiwa basi. Hapo mapenzi yenyewe ndiyo bomu lililo chini ya meza, na kadiri yanavyozidi ndivyo hatari inavyozidi. Mwandishi wenu alikuwa na urithi huo mkononi mwake. Angeweza kumwacha mzimu ampende binti kwa dhati na bado tusijue kama mapenzi hayo yatamwacha hai. Badala yake alimpa tabia za mchumba mpole wa mjini, ambaye kitu pekee kinachomtofautisha na vijana wengine ni kwamba hana kivuli.

Ipo hoja nyingine, nayo inahusu ninyi wachapishaji zaidi kuliko mwandishi. Aina ya kitabu inayotajwa kwenye jalada ni ahadi kuhusu mwisho wake. Chama cha waandishi wa riwaya za mapenzi cha Marekani, Romance Writers of America, kiliieleza riwaya ya mapenzi kwa mambo mawili: kiini cha hadithi kiwe mapenzi, na mwisho uwe wa kuridhisha na wenye matumaini. Msomaji wa riwaya hiyo anajua tangu mwanzo kwamba wapendanao watafika salama, na starehe yake ni kuona watafikaje. Msomaji wa taharuki anataka kinyume chake. Mnapomhakikishia mapema kwamba watu wake watafika salama, mmemnyang'anya kile alicholipia. Kwa hiyo mwandishi anaweza kuvichanganya vyote viwili kwa vipimo apendavyo, lakini mchapishaji lazima aseme ni ahadi ipi itakayotimizwa mwishoni. Ninyi mlitangaza ya pili mkatimiza ya kwanza.

Matokeo yake nimeyaona kaunta. Fundi pikipiki mmoja, mteja wangu wa kila wiki, ambaye hadithi za mizimu ndizo zilizomrudisha kwenye kusoma baada ya kuacha shule, alinirudishia kitabu akiwa amekunja ukurasa wa 90, akaniuliza kama kuna sehemu nyingine ambapo kinaanza upya. Nilimrudishia fedha zake. Wengine sita nao niliwarudishia. Kwa upande wa pili yupo mama anayeuza vitenge, ambaye hakosi riwaya yoyote ya mapenzi inayoingia dukani. Mara mbili alikishika kitabu hiki, akaliona fuvu, akakirudisha rafuni akisema kwamba anaishi peke yake na hataki vitu vya kumkosesha usingizi. Nilipomweleza yaliyomo alikichukua, akakimaliza kwa siku mbili, akakisifu sana. Jalada lenu liliwaita watu ambao kitabu hakikuandikwa kwa ajili yao, na likawafukuza waliokuwa wakikihitaji. Nafikiri hata mwandishi mwenyewe hakutendewa haki, maana waliomnunua wamemlaumu na ambao wangempenda hawakumjua.

Kwa hiyo naomba mambo yafuatayo yafanyike. Nakala 11 ambazo sijazifungua nizirudishe kwenu kwa gharama zenu za usafirishaji, nami nirejeshewe shilingi 132,000, au nipewe vitabu vingine vya thamani hiyo hiyo nitakavyovichagua mwenyewe baada ya kuvisoma. Katika chapa ijayo jalada libadilishwe, fuvu liondolewe, na neno taharuki libaki tu ikiwa mhariri wenu ameisoma hadithi hadi mwisho na yuko tayari kulitetea. Nimeona pia kwenye ukurasa wa mwisho kwamba sehemu ya pili inaandaliwa. Ikiwa muswada bado uko mezani kwenu, naomba mhariri akae na mwandishi na kumkumbusha tembe lile, lile vumbi kwenye uji, na yule mama aliyeogopa kumwamsha mtoto. Hakuna haja ya kuwatenganisha wapendanao. Inatosha kiapo cha ukurasa wa 61 kianze kuonekana kina ufa, na binti awe wa mwisho kuuona kwa sababu anapenda.

Naomba pia mumfikishie mwandishi swali moja, kwa heshima zangu zote kwake. Mzimu alipomtajia binti jina lake, alisema kwamba hakuwahi kuingia ndani ya nyumba ile kabla ya siku hiyo, na kitabu kinataka tumwamini. Baada ya hapo miguu ile haitajwi tena popote. Nimepitia kurasa zote mara mbili kuitafuta. Fundi pikipiki ameniuliza habari yake kila anapopita dukani, nami nimekosa cha kumjibu. Mguu wa tisa na wa kumi, ile iliyolowa, ilikuwa ya nani?

Nasubiri majibu yenu ya maandishi ndani ya siku 21.

Wako mwaminifu,

Mwenye duka la vitabu,
Majengo, Dodoma.

Kiambatisho: nakala ya stakabadhi ya malipo.