Apu ya bajeti ichague kulingana na hela yako inavyoingia

Mhariri, naomba nafasi niongelee hizi apu za bajeti za kwenye simu, maana huku soko la samaki la Mwaloni Kirumba, Mwanza, zimeingia kwa kasi, huyu anakwambia pakua hii, yule anasema hiyo mbovu pakua ile, na wengi wanachagua kwa kuangalia nyota za Play Store tu wakati cha kwanza kujiuliza ni hela yako inaingiaje.

Apu nyingi zinauliza mshahara wa mwezi halafu zinakupangia kuanzia tarehe 1 hadi mwisho wa mwezi. Kwa mwalimu au nesi wa Bugando sawa kabisa. Ila sisi wa dagaa hela yetu inafuata giza jamani! Mbalamwezi ikiwaka taa hazivuti dagaa, mitumbwi inapaki, na kuanzia mwenye mtumbwi, wabebaji, kina mama wanaoanika mpaka mama ntilie wote wanaishi kwa kile kilichopatikana giza lililopita. Sasa apu inayokupigia kelele tarehe 12 kwamba umezidisha hela ya chakula inakusaidia nini, utaifuta tu.

Ndo maana mimi nawashauri watu Goodbudget, ile ya bahasha. Unagawa hela iliyopo mkononi, kila matumizi na bahasha yake humo kwenye apu, ada, kodi ya fremu, mchezo, chakula cha mbalamwezi, basi. Ya bure haihitaji benki, unaandika mwenyewe, na mke na mume mnaona bahasha zilezile kila mtu kwenye simu yake, hilo peke yake linapunguza ugomvi mwingi nyumbani. YNAB nayo ina mtindo huohuo wa kupanga hela uliyonayo tu, ni nzuri sana kwa kweli, lakini mwaka 2024 bei ilipanda hadi dola 109 kwa mwaka, na ile raha yake ya kujivutia miamala ni ya benki za Marekani na Ulaya, M-Pesa na Airtel Money hazimo.

Kuna zile zinazosoma meseji za miamala zenyewe. Zinarahisisha, sikatai, ila kumbuka namba za uthibitisho za benki nazo zinaingia kwenye meseji hizohizo. Na ikitaka majina yote ya kwenye simu yako kimbia, bajeti haihitaji namba ya shemeji yako. Si kila apu ya hela ni ya kuamini, kwenye apu za mikopo tu Novemba 2024 Benki Kuu ilitaja 69 zisizo na leseni, tuwe macho. Pia angalia kama kumbukumbu zako zinatoka kwenda Excel, maana hata Mint, apu ya bajeti ya Marekani yenye mamilioni ya watu, ilifungwa Machi 2024.

Ombi langu, gazeti lako liwaulize vijana wanaotengeneza apu hapa nchini, watuwekee nafasi ya kuchagua wenyewe bajeti ianze lini iishe lini, kwa Kiswahili anachokielewa mama anayeanika dagaa kule Igombe.

Mfanyabiashara wa dagaa,
Kirumba, Mwanza