Barua kwa Athmani: huyo mtoto wa punda usimtoe bado

Newmarket, Uingereza
Septemba

Kwako Athmani,

Assalaam alaykum. Ama baada ya salamu, mimi sijambo, ila baridi imeshaanza kunyemelea na wenyeji bado wanavaa kaptula. Nisalimie wote, mama mkubwa wa kwanza, mwambie ile dawa ya kifua aliyonifungia nimeanza kuitumia. Na yule mwenzetu wa Shela, hapo Lamu, mwambie deni lake nalikumbuka, asinitumie tena sauti usiku wa manane.

Haya. Nimekaa kitako niandike barua kamili kwa sababu ya neno ulilolipitisha juu juu katika ile sauti yako ya juzi, baina ya habari za harusi na habari za mchanga kupanda bei: kwamba yule punda wako mweupe kazaa, mtoto anakaribia miezi 4, kuna mtu wa bara anamtaka, na bei mmeshasikizana. Athmani, usimtoe bado. Najua utasema msomi kapata wa kumsomesha, lakini nisikilize.

Barazani mmeamua kwamba nimekuja Ulaya kuhesabu mavi ya farasi. Wala si uongo sana. Wiki zake za kwanza mtoto wa farasi hula mavi ya mama yake, na inadhaniwa ndiko anakopata vijidudu vya tumboni vya kumsaidia kusaga nyasi. Wa kuandika nani kala na saa ngapi ni mimi. Lakini uzamivu wenyewe unahusu kitu kimoja: mtoto wa farasi hupatwa na nini anapotengwa na mama yake, na yale yanayompata hukaa naye kwa muda gani.

Mji huu umejengwa juu ya farasi wa mbio. Asubuhi wanapita kwa misururu kwenda mazoezini na magari yanasimama kuwapisha, kama pale gati punda wanapoteremka na matofali, isipokuwa hawa kila mmoja ana mpandaji wake na bima yake. Ukipenda farasi utapaona peponi. Mimi nawapenda, lakini tangu nianze kukaa na watoto wao naangalia kwa jicho jingine.

Desturi ya mashamba mengi ni kumwachisha mtoto ziwa akiwa na miezi 4 hadi 6, tena kwa siku moja. Mama anapandishwa upya wiki chache tu baada ya kuzaa, na mimba yake ni miezi 11. Kisha kuna sheria yao ya ajabu: kila farasi wa mbio upande huu wa dunia anahesabiwa kuongeza mwaka tarehe 1 Januari, hata kama kazaliwa Mei. Basi kila mfugaji anakimbizana na kalenda azalishe mapema. Juu ya hapo mnada wa watoto unakuja mwisho wa mwaka, na mnunuzi hataki mtoto anayemlilia mama. Mtu mwenye mnada mbele yake utamwambiaje asubiri? Maana mama akiachiwa aamue mwenyewe, humkataza mtoto ziwa kwenye miezi 9 au 10. Hilo limechunguzwa Ufaransa. Na akishamkataza hawafukuzani, wanaendelea kula pamoja bila kelele.

Kelele nimezisikia kwenye hili shamba ninalofanyia kazi, ambalo sitalitaja. Mama anatiwa kamba, anatolewa bandani, mtoto anataka kumfuata, mlango wa chini unafungwa kifuani pake. Mama anapelekwa malisho ya mbali asikosikika. Mtoto anaita. Anazunguka banda, anasimama, anategea masikio, anaita tena. Mkanda niliomfunga kifuani unanipa mapigo ya moyo. Mate nayachukua kwa pamba ili maabara wapime homoni ya wasiwasi, na hapo ndipo utanicheka, maana mtoto mmoja aliinyonya ile pamba asitake kuiachia. Sikucheka mimi. Wapo wanaokataa chakula siku nzima, na wapo wanaolowa jasho.

Halafu yupo mmoja mwekundu, mdogo kuliko wenzake, ambaye alitulia upesi hata mwenye shamba akanionyesha kwa fahari. Baada ya muda nikamwona analamba ukingo wa hori. Kisha akawa anaukaba kwa meno ya mbele, anavuta shingo nyuma, anavuta hewa kooni kwa mlio kama mtu anayekoroma. Tabia hiyo ikishakaa ni shida kuitoa. Watu wanawafunga mikanda shingoni, mnyama anazuiwa tu, hamu inabaki. Watafiti wa Bristol waliwafuata farasi wachanga 225 kwa miaka 4, wakatoa matokeo mwaka 2002: karibu 1 katika kila 10 aliianza tabia hiyo, wengi wakiwa na umri wa wiki 20 hivi. Waliolishwa nafaka baada ya kuachishwa walikuwa na hatari mara 4 ya wengine, na waliofungiwa ndani siku ya kutengwa walipata tabia mbaya kwa wingi zaidi kuliko walioachwa malishoni. Sasa piga hesabu: wiki 20 ni umri gani? Ndio huo wa mtoto wako, kasoro kidogo.

Utaniambia punda si farasi. Kweli, na hapo ndipo ninapoogopa zaidi. Punda hushikamana na mwenzake kuliko farasi, na anahuzunika kimya kimya. Akisusa kula, mafuta ya mwilini yanamiminika kwenye damu, ini linaelemewa, na anaweza kufa huku wewe unadhani ana ukaidi tu. Hatari hiyo ni ya mama pia. Huyo mweupe akikulalia chini, saruji yako ataibeba nani?

Lakini sikuandiki kama mtu asiyejua bei ya bati. Najua tuktuk na pikipiki zimewala punda, kazi ya soji, ya kumbebesha punda mizigo, si ile ya zamani, na ada za watoto hazingoji. Huku kwenyewe tajiri mwenye mashamba na madaktari hangoji, sembuse wewe. Hili linanikera kila nikifungua tasnifu: ninaandika sura nzima kuhusu jambo ambalo kila mtu analikubali mezani na hakuna anayeweza kulilipia. Msimamizi wangu anasema kazi yetu ni kupima, si kuhubiri. Sawa, lakini yeye hana rafiki mwenye punda.

Basi ikibidi kuuza, uza hivi. Chukua arubuni, mtoto abaki kwako mpaka apite miezi 6 na uwe umemwona anakula majani ya kumtosha. Usimkate siku moja. Mwanzo watenganishe kwa uzio tu, waonane na kunusana. Na asiachwe peke yake: mtie na mkubwa mpole, hata yule dume mzee wa babu yako. Farasi wachanga walioachishwa kundini wakiwa na watu wazima wasio mama zao walipiga kelele kidogo na kutulia mapema. Nimeona mwenyewe mtoto akimwendea mzee wa kundi huku akipiga taya kwa adabu, kama anayesema shikamoo, na mzee akamwacha alale karibu.

Na lipo la pili, hili ni ombi langu. Huku hakuna mtoto anayefuatana na mama kazini. Huko kwetu anakimbia nyuma ya mzigo toka gati mpaka mtaa wa Langoni, ananyonya mama akisimama kupakuliwa. Ungeniandikia basi, hata kwa penseli ukutani, ananyonya mara ngapi mama akiwa kazini, na ni lini mama anaanza kumpiga teke?

Sasa nijibu. Huyo mtu wa bara ni nani hasa, na anataka kitoto cha punda cha kufanyia nini? Umoja wa Afrika ulipitisha mwaka 2024 kupiga marufuku biashara ya ngozi za punda, lakini wanunuzi hawasomi maazimio. Anakupa bei ya mtoto au bei ya kilo? Ameshakuja kumwona? Mweupe mwenyewe anakula? Bado unamtwisha, au umempumzisha? Na ile harusi imekuwaje, bibi harusi kweli alikataa kupanda mashua?

Kama bado hujashika hela ya mtu, usishike mpaka uongee nami. Jumapili jioni nipo.

Wako,
Bakari