Somo, usijiite mkosa shukrani

Somo yangu,

Salamu kwanza, kwa kanuni ileile ya shuleni: mimi ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni juu yako uliye mbali na upeo wa macho yangu. Safari hii kanuni imesema kweli. Hofu ipo, na ni juu yako.

Ule ujumbe wa sauti uliotuma usiku wa manane nimeusikiliza, nikaurudia. Nikaona kuujibu kwa kidole gumba nikiwa kwenye foleni ni kukudharau, ndiyo maana nimekaa chini kuandika. Umesema mengi. Ya bosi mpya anayewatumia kazi hata siku za mapumziko, ya Mama Pacha na visa vyake visivyokwisha (hapo nilicheka, nisamehe). Lakini lililonikaa ni lile ulilolisema ukiwa karibu kukata: "Somo, si mwili tu, hata macho yamechoka. Naangalia kila kitu, sioni chochote." Kisha ukaongeza kwamba Dada Mkubwa kakuambia uketi uhesabu neema zako. Ukahesabu, ukamaliza, ukabaki vilevile, na sasa unajiona mkosa shukrani.

Hilo la mwisho ndilo lililonikera, na si wewe uliyenikera.

Dada Mkubwa ana nia njema, sitamsema. Ila hii tabia ya kumwambia mtu aliyelemewa "shukuru, wapo wasio nacho hata hicho" mimi siipendi. Mtu ameinama chini ya mzigo, badala ya kumpokea unamwongezea deni. Sasa amechoka, na juu ya kuchoka anadaiwa shukrani. Na wewe ninavyokujua, deni hilo utalilipa kwa kujilaumu hadi alfajiri.

Sisemi kuhesabu neema ni upuuzi. Mwaka 2003 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Robert Emmons na Michael McCullough, walichapisha utafiti wao: kundi moja liliandika kila wiki, kwa wiki 10, mambo yasiyozidi matano wanayoyashukuru. Kundi jingine likaandika kero zake, la tatu likaandika tu yaliyotokea. Wale wa shukrani wakayaona maisha yao kuwa afadhali na wiki inayofuata wakaitazamia kwa matumaini zaidi. Haya. Lakini kilichonifurahisha ni mifano ya waliyoyaandika. Mmoja kashukuru kwa kuamka asubuhi, mwingine kashukuru kwa ukarimu wa marafiki, na mmoja, Mungu ambariki, kawashukuru Rolling Stones! Bendi ya muziki! Huyo ndiye ninayemwamini kuliko wote. Wenzake waliandika majibu yanayotarajiwa, yeye aliandika kitu kilichomtikisa kweli.

Mimi orodha yangu iliishia kuwa mahudhurio ya darasa. Afya, yupo. Familia, yupo. Kazi, yupo. Kesho yake naanza tena, familia, kazi, afya. Kila aliyeitwa aliitika, na hakuna niliyemwangalia usoni.

Sasa nikusimulie la Kadogo, maana ndilo hasa nililotaka kukuambia, nimezunguka tu.

Juzi niliachiwa yeye jioni nzima. Unazijua siku zenyewe: nimerudi miguu inawaka moto, vyombo vimejaa kwenye sinki, simu inatetemeka juu ya kabati, na kichwani napiga ile hesabu ya mwisho wa mwezi ambayo haijawahi kukubali. Bwana mdogo kavuta kiti, kapanda, kasimama ubavuni mwangu. Nikampa vijiko asuuze ili anipe nafasi. Hakusuuza hata kimoja. Akakutanisha kidole gumba na cha shahada, akavichovya kwenye povu, akapuliza taratibu. Puto likatokeza, halikuruka, likabaki limeshikwa na vidole vyake.

"Shangazi, lina rangi."

Nikasema ndiyo.

"Shangazi, rangi zinashuka."

Nikasema ndiyo, bila kugeuka.

Kimya kidogo. Halafu: "Shangazi, mbona linakuwa jeusi kichwani kabla halijafa?"

Hapo niligeuka. Somo, mimi naosha vyombo tangu sinki likinifika kidevuni, na jambo hilo sijawahi kulisikia wala kuliona. Nikamwambia apulize jingine. Nikafuta mikono, nikainama hadi pua ikawa karibu kuligusa. Mwanzo lilizungukwa na mikanda ya rangi, waridi, kijani, waridi tena, ikiteremka polepole. Halafu juu kabisa pakapauka, pakawa na rangi ya fedha. Kisha katikati ya ule weupe pakatokea doa jeusi lenye ukingo uliokatika vizuri, ungeapa ni tundu. Likatanuka kidogo. Pa! Limekwisha. Kadogo akanitazama kwa uso wa mtu aliyeshinda kesi.

Tukapuliza mengine, mengi. Mengine yalipasuka mapema na hayakutuonyesha kitu, nikajikuta nalalamika kwa sauti, mtu mzima mimi, kwamba puto halijanitendea haki. Vyombo vilibaki palepale na maji yakapoa.

Alipolala nikatafuta maelezo. Kumbe ngozi ya puto ni maji membamba yaliyobanwa kati ya tabaka mbili za sabuni. Mwanga ukilifikia, sehemu hurudishwa na uso wa nje na sehemu hurudishwa na uso wa ndani. Miale hiyo ikikutana, baadhi ya rangi hupeana nguvu na nyingine hufutana, na rangi ipi itabaki hutegemea unene wa ngozi mahali hapo. Sasa maji yanateremka kwa uzito wake, kwa hiyo juu panazidi kukonda. Panapokonda kupita kiasi, unene usiofika hata sehemu moja ya elfu ya unywele, rangi zote hufutana kwa pamoja na hakuna mwanga wa maana unaorudi machoni. Panabaki weusi. Kwa hiyo Kadogo alikuwa sahihi kabisa: kichwa kikiwa cheusi, puto linaaga.

Wala hakuwa wa kwanza kulishangaa. Isaac Newton alipuliza maputo ya sabuni akayafunika kwa kioo ili hewa isiyasumbue, akatulia kutazama pete za rangi zikishuka na doa jeusi likizaliwa juu, na akayaandika yote katika kitabu chake cha mwanga kilichochapishwa mwaka 1704. Mtu aliyetueleza mwendo wa sayari ndiye huyohuyo aliyeinamia povu! Nami naamini kabisa alikuwepo mtu wa kumuuliza kama hana kazi za maana.

Ninachotaka kukuambia ni hiki. Pale nilipokuwa nimeinama, simu ikitetemeka, nilisikia mdomo wangu ukisema "ahsante." Sijui nilimwambia nani. Kadogo? Mungu? Sabuni? Hakuna aliyeniamuru, na sikuwa nahesabu chochote. Ilitoka yenyewe, nyuma ya mshangao, na ndiyo maana nakuambia usijilaumu: ulianzishiwa mwishoni. Umeambiwa ushukuru kwanza vitu ambavyo hujaviona.

Na kutoviona si ubaya wa moyo. Jaribu hivi usiku wa leo: weka alama ndogo ukutani, ikazie macho bila kuyahamisha, utaona vilivyo pembeni vinafifia, vingine vinatoweka kabisa. Daktari mmoja wa Uswisi, Troxler, aliliandika hilo mwaka 1804. Kisichobadilika, ubongo hukiacha. Ndiyo sababu husikii kwamba umevaa saa. Ni akili ya kubana matumizi, ibaki nafasi ya kushughulikia jipya. Sasa fikiria maisha yetu sisi wenye umri huu: mlango uleule, njia ileile, sura zilezile za watu tunaowapenda, vyote vimetulia mahali pake, kwa hiyo vinafutika. Kipya kinachoingia siku nzima ni nini? Ankara. Ujumbe wa bosi. Habari mbaya. Basi macho yanabaki na hayo tu. Si ajabu yakachoka.

Ila usinielewe kwamba naupamba utoto. Huyu Kadogo jioni hiyohiyo aliangua kilio kikubwa kwa sababu kijiko alichopewa hakikuwa kile alichokitaka, na ahsante hakunipa hata moja, kwa puto wala kwa kijiko. Watoto wanashangaa sana, lakini hawashukuru. Hawajui kwamba mambo yangeweza kuwa vingine. Sisi tunalijua hilo mno, tumekwisha zika watu, tumekwisha poteza vitu. Kwa hiyo mtu mzima akishangaa, nadhani anakipata ambacho mtoto hana. Nadhani. Bado nalitafakari hili, usinibane.

Nimesoma pia kuhusu wazee waliopewa kazi ya kutembea dakika 15 kila wiki, kwa wiki 8, utafiti wa Virginia Sturm na wenzake wa mwaka 2020. Nusu waliambiwa watembee tu. Nusu waliambiwa watafute cha kuwastaajabisha njiani, wayaangalie mambo kwa macho mapya. Wote walitakiwa kujipiga picha. Kadiri wiki zilivyokwenda, wale wa pili walizidi kuwa wadogo ndani ya picha zao wenyewe, mandhari ikachukua nafasi, na tabasamu likapanuka. Nikafikiria picha zako na zangu, zote pua tupu.

Hata hivyo, mshangao haulipi ankara. Bosi wako ana makosa leo na kesho atakuwa nayo, na hilo la kutumiwa kazi siku ya mapumziko ulipeleke kwa wahusika, kwa maandishi. Tena kama uchovu huu umekaa wiki baada ya wiki, usingizi hauji, huna hamu hata ya vile ulivyokuwa ukivipenda, basi usikubali mtu yeyote, mimi nikiwemo, akuambie dawa yake ni povu la sabuni. Nenda ukamwone daktari, umweleze yote kama ulivyonieleza mimi. Nitakusindikiza hata kwa simu, nikae kwenye laini hadi uitwe ndani. Nimesema kweli.

Lakini kama kuna asubuhi moja utajisikia una nguvu kidogo, chagua kitu kimoja tu unachokipita kila siku. Kisiwe kizuri. Vizuri vinatuchosha, tunavitazama kwa wajibu. Chagua cha kijinga, kutu kwenye bawaba, kivuli cha mkono wako, mchwa. Kitazame hadi kikuulize swali. Usiandike orodha! Na usimwambie Dada Mkubwa, atakutungia ratiba.

Halafu nina ombi, na hili ni la dhati. Unalikumbuka lile daftari lako la maswali, lenye jalada lililochanika, tulilokuwa tukiandika tusiyojibiwa? Kwa nini mwezi unatufuata na mti haufuati. Kama kipofu huota ndoto. Nani aliyeanza kuhesabu. La mwezi ninalo jibu sasa: uko mbali sana, karibu kilomita 384,000, hivyo ukitembea hadi mwisho wa barabara pembe unayoutazamia haibadiliki kwa kiasi cha jicho kuona, wakati mti wa jirani unabaki nyuma baada ya hatua chache. Mengine sina, na Kadogo ameanza kunizidi. Nimemwambia nina rafiki mwenye daftari zima la maswali, hakulala mpaka nikaahidi kulitafuta.

Sasa nijibu, tena nijibu yote usiniruke. Unalala saa ngapi siku hizi? Unakula mezani au umesimama? Yule mdogo wako aliyehama, mnasemezana au bado mmenuniana? Ulipokuwa mtoto ulikuwa ukilala chini ya meza ili uone mbao kwa upande wa chini, uliwahi kumweleza mtu uliona nini kule? Mara ya mwisho kucheka mpaka ukaomba msamaha ilikuwa lini, na ulikuwa na nani? Unataka nije? Nikija nitapata pa kulala, au bado yale makabrasha yamekalia kitanda cha wageni? Na mwavuli wangu uko kwako tangu lini, au nao nihesabu ni sadaka?

Daftari likipatikana, piga picha kurasa mbili tatu unitumie hata kabla ya kujibu barua. Kadogo analala kwangu Jumamosi na sitaki kumkabili mikono mitupu.

Ni mimi,
Somo yako