Risala ya Wahitimu wa Stashahada ya Maabara kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Chuo, walimu wetu, wazazi na walezi, shikamooni.

Tunakushukuru kwa kuitikia mwaliko wetu. Mengi tuliyojifunza umeyaona kwenye maonyesho asubuhi. Hapa tunaomba tuseme moja tu linalotukaa moyoni: kingamwili, yaani protini za kinga ya mwili, zinazoharibu majibu ya vipimo vya damu.

Tukiwa kwenye mafunzo kwa vitendo, ililetwa sampuli ya mama aliyekuwa akisubiri upasuaji. Mashine ikasoma chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, 18,000 kwa maikrolita, wakati kawaida huanzia 150,000. Upasuaji ukaahirishwa, ndugu wakaanza kuhangaikia wachangia damu. Lakini mama mwenyewe hakuwa na hata doa la damu chini ya ngozi. Mwenzetu akapaka slaidi, akaitazama kwa hadubini. Kule mwishoni, kwenye mkia wa utando wa damu, chembe sahani zilikuwa zimeng'ang'aniana mafungu mafungu, na fungu mashine hailitambui kuwa ni chembe sahani. Wapo watu wenye kingamwili ambazo, damu ikikutana na EDTA, dawa ya kuzuia damu isigande iliyomo kwenye chupa yenye kifuniko cha zambarau, hushikanisha chembe hizo. Mwilini hazina neno. Damu ikachukuliwa upya kwa chupa ya sitreti, dawa nyingine ya kuzuia damu isigande, ikasoma 190,000. Ukizidisha kwa 1.1, maana maji ya sitreti huzimua damu, unapata 209,000. Kesho yake mama akaingia chumba cha upasuaji.

Zipo pia kingamwili za baridi. Damu ikipoa hushikanisha chembe nyekundu, na mashine huhesabu kundi zima kama chembe moja kubwa. Himoglobini, protini ibebayo oksijeni ndani ya chembe hizo, haiguswi, kwa kuwa chembe hupasuliwa kwanza ndipo ipimwe, na hapo ndipo namba yake na hesabu ya chembe nyekundu zinapokataa kuelewana. Sampuli hupashwa kwenye nyuzi 37 kwa kama nusu saa, ikarudishwa mashineni ingali na joto lake.

Mheshimiwa, maabara ya chuo chetu haina kifaa cha kupashia sampuli kinachofanya kazi, na chupa za sitreti tumezijua kwa picha hadi tulipofika hospitali. Tunaomba utusaidie kupata kifaa kimoja na makasha machache ya chupa hizo, ili wadogo zetu wa mwaka wa kwanza wayafanye haya kwa mikono yao kabla ya kukabidhiwa damu ya mgonjwa.

Tunaomba kuwasilisha.